Namna Kikao Kinavyofikia Uamuzi

Hapana wiki inayopita Unguja na Pemba bila ya kufanyika vikao vya kamati za skuli, vyama vya ushirika, jumuiya za watumiaji maji, kamati za wavuvi na wafanyakazi katika Wizara na Idara za Serikali. Vingi huanza kwa dua na humalizika kwa salama, na wajumbe hurudi makwao wakiamini kwamba wameamua jambo. Baada ya mwezi mmoja huanza kuulizana ni jambo gani hasa waliloliamua. Mmoja husema fedha zilikubaliwa zitumike. Mwengine husema zilikubaliwa zifikiriwe. Katibu akifungua daftari hukuta imeandikwa kwamba "suala hilo lilijadiliwa kwa kina na wajumbe". Hapo ndipo panapozuka ugomvi, na mara nyingi chanzo chake si ubaya wa nia ya mtu yeyote. Chanzo ni kwamba kikao kilizungumza sana lakini hakikuwekewa mbele yake maneno ya kuyakubali au kuyakataa.

Ipo tofauti ya kwanza ambayo lazima ifahamike. Kuna vikao vya kushauri na vikao vya kuamua. Baraza la Ushauri la Sheha, kama jina lake linavyoonesha, humshauri Sheha, na maoni ya wengi humo hayawi amri. Mkutano Mkuu wa ushirika, kwa upande mwengine, huamua, na uamuzi wake humfunga hata mwanachama aliyeupinga. Kwa kuwa uamuzi humfunga aliyeupinga, ni haki yake kujua kwamba umepatikana kwa njia iliyokubaliwa kabla, na kwamba alipata nafasi ya kusikilizwa. Maelezo yafuatayo yanahusu vikao vya aina hii ya pili.

Utaratibu unaotumika ni ule wa mabunge, ambao vyama na kamati katika nchi nyingi wameuchukua kwa kuupunguza. Asili yake kubwa ni Bunge la Uingereza, ambako kanuni hazikutungwa kwa siku moja bali zilikua kutokana na maamuzi ya Maspika, mmoja baada ya mwengine. Mwaka 1844 Thomas Erskine May, aliyekuja baadaye kuwa Katibu wa Baraza la Makabwela la Bunge hilo, alizikusanya katika kitabu ambacho matoleo yake mapya yanaendelea kutumika. Huko Marekani, Henry Martyn Robert, ofisa mhandisi wa jeshi, aliombwa mwaka 1863 aongoze mkutano uliofanyika kanisani katika mji wa New Bedford, na mkutano huo ukamshinda kwa ghasia. Aliamua kujifunza, na mwaka 1876 alichapisha kitabu cha kanuni alichokikusudia kwa vyama vya watu wa kawaida. Kwa Zanzibar, utaratibu huu uliingia pamoja na Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa mwaka 1926, na sasa unaonekana kwa ukamilifu wake katika Baraza la Wawakilishi, lililoanza kazi mwaka 1980 na ambalo vikao vyake hufanyika Chukwani. Hata hivyo si kila kitu ndani yake ni cha kigeni. Bunge la Jamhuri ya Muungano limeipa alama ya mamlaka yake jina la siwa, na siwa ni ile pembe kubwa iliyokuwa ikipulizwa katika shughuli za watawala wa mwambao huu.

Ili jambo lieleweke, ichukuliwe mfano wa ushirika wa wakulima wa mwani wenye wanachama 60. Ushirika huo una akiba ya shilingi milioni tatu na ghala ambalo paa lake linavuja.

AKIDI

Kabla ya lolote, Mwenyekiti huuliza kama akidi imetimia, yaani idadi ndogo kabisa ya wajumbe ambayo bila ya hiyo kikao hakina uwezo wa kuamua. Idadi hiyo hutajwa katika katiba ya chama. Kwa Bunge la Jamhuri ya Muungano ni nusu ya Wabunge wote. Kwa Baraza la Makabwela la Uingereza, lenye Wabunge 650, ni watu 40 tu. Hivyo hapana idadi moja iliyo sahihi kwa kila kikao, muhimu ni kwamba iwe imeandikwa.

Kosa linalotokea mara kwa mara ni kudhani kwamba akidi ikishatimia asubuhi basi imetimia hadi jioni. Ikiwa katiba ya ushirika wa mwani inataka nusu, na wanachama 34 walikuwapo wakati wa kufungua, lakini baada ya sala ya alasiri wamebakia 26 kwa kuwa maji yamekupwa na wengine wamekwenda mashambani, basi 26 hao wanaweza kuendelea kuzungumza lakini si kuamua matumizi ya fedha. Mjumbe yeyote ana haki ya kusimama na kulieleza hilo, na Mwenyekiti hana budi kuhesabu. Anayefanya hivyo asionekane mchokozi. Anawakinga wenziwe na uamuzi utakaotenguliwa kesho.

HOJA NA MAREKEBISHO

Katika kikao cha ushirika, mjumbe husimama akasema: "Ghala letu limechakaa, mwani unaloa, naona tuliangalie." Wenziwe huitikia kwa kutikisa vichwa, na Mwenyekiti huendelea na jambo jengine. Lililosemwa ni kweli lakini si hoja, kwa sababu hapana mtu anayeweza kulikataa wala kulitekeleza. Hoja ni sentensi ambayo, ikipita, mtu wa nje akiisoma atajua ni nani afanye nini, kwa fedha kiasi gani na kabla ya siku gani. Kwa mfano: "Kwamba Ushirika utoe shilingi 3,000,000 kutoka katika akiba yake ili kuliezeka upya ghala la mwani kabla ya tarehe 1 Machi, na kazi hiyo isimamiwe na Kamati ya Ujenzi." Mtoa hoja huisoma, mjumbe mwengine huiunga mkono, na Katibu huiandika kama ilivyosomwa. Kuungwa mkono hakumaanishi kwamba hoja ni nzuri. Kunaonesha tu kwamba angalau watu wawili wanataka muda wa kikao utumike kwa jambo hilo. Isipoungwa mkono, huanguka hapo hapo.

Kuanzia hapo kikao kina jambo moja tu mbele yake. Wajumbe wote huzungumza kupitia kwa Mwenyekiti, na aliyekwisha kuzungumza hangoji kupewa nafasi ya pili wakati wapo ambao hawajapata ya kwanza. Mwenye kutaka kuonesha kwamba kanuni imevunjwa husimama na kusema "kuhusu utaratibu", naye husikilizwa mara moja, hata ikiwa mwengine yumo katikati ya maneno yake. Fursa hii hutumiwa vibaya na wale wanaotaka kujibu mabishano. Mwenyekiti aliye makini huwauliza ni kanuni ipi iliyovunjwa, na wasipoitaja huwaketisha. Mwisho wa mjadala mtoa hoja hupewa nafasi ya kujibu.

Katika vikao vya wafanyakazi lipo tatizo jengine ambalo vitabu vya mabunge havilitaji sana. Mkuu wa Idara akitoa rai yake mwanzoni, walio chini yake hawatazungumza ila kumuunga mkono, na kikao kitamalizika kwa dakika kumi. Wepesi huo hauna faida kwa Mkuu huyo ikiwa alitaka kujua hali halisi ya ofisi yake. Utaratibu unaomtaka mwenye kuongoza kikao asijiingize katika mjadala una maana zaidi katika ofisi kuliko hata Bungeni.

Marekebisho ndiyo sehemu inayowatatiza wengi. Mjumbe anaweza kupendekeza maneno yafutwe, yaongezwe au yabadilishwe, kwa mfano tarakimu "3,000,000" ifutwe na badala yake iwekwe "2,500,000". Marekebisho lazima yaihusu hoja yenyewe. Mwenye kupendekeza kwamba maneno yote baada ya "akiba yake" yafutwe na yawekwe "ili kununua mashua" hakurekebisha hoja ya ghala. Ameleta hoja nyengine, nayo ingojee zamu yake.

Kura hupigwa kwanza juu ya marekebisho, kisha juu ya hoja kama ilivyorekebishwa. Hizi ni kura mbili. Mwanachama asiyetaka ghala liezekwe kabisa anaweza bila ya unafiki wowote kuyakubali marekebisho ya kupunguza fedha, ili hoja ikipita hasara iwe ndogo, kisha akaikataa hoja yenyewe. Vikao vingi huishia kwenye kura ya kwanza: marekebisho yakipita watu hupiga makofi, Mwenyekiti huendelea na ajenda inayofuata, na hoja kuu huachwa haijaamuliwa. Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kila kura Mwenyekiti husoma maneno yanayoamuliwa, yote, kwa sauti, kisha huwahoji wajumbe.

Ikiwa mapendekezo ni matatu, mpangilio wa kura huweza kuamua matokeo. Ichukuliwe kwamba wanachama wote 60 wamehudhuria na wamegawika makundi matatu ya watu 20. Kundi la kwanza linataka paa la ghala, likikosekana basi chanja za kuanikia, na mwisho kabisa mashua. La pili linataka chanja, kisha mashua, kisha paa. La tatu linataka mashua, kisha paa, kisha chanja. Mwenyekiti akishindanisha kwanza paa na chanja, paa hushinda kwa kura 40 dhidi ya 20. Paa likishindana na mashua, mashua hushinda kwa 40 dhidi ya 20, na ushirika hununua mashua. Lakini angelianza kwa chanja na mashua, chanja zingelishinda, kisha zingelishindwa na paa. Na angelianza kwa mashua na paa, mwisho wake ungelikuwa ni chanja. Watu ni wale wale, na matakwa yao hayakubadilika hata kidogo. Mfaransa Condorcet aliliandika jambo hili mwaka 1785, na tangu hapo haijapatikana njia ya kupiga kura inayoliondoa kabisa bila ya kuleta kasoro nyengine.

Kwa hiyo mwenye kupanga mfuatano wa kura ana nguvu kubwa kuliko anavyodhaniwa, na wakati mwengine kuliko anavyojijua mwenyewe. Mfuatano huo utangazwe kabla ya mjadala kuanza, na ufuate kanuni isiyotegemea matakwa ya Mwenyekiti, kama vile hoja kuchukuliwa kwa zamu zilivyopokelewa na Katibu.

WENGI WA NANI?

Jambo dogo lisilo na ubishi halihitaji kuhesabiwa kura. Mwenyekiti huuliza kama kuna pingamizi, hungoja, na ikiwa hakuna, hutangaza kwamba limekubaliwa. Mjumbe mmoja tu akipinga, kura hupigwa. Sharti ni kwamba swali liulizwe waziwazi. Kimya cha watu ambao hawakuulizwa hakihesabiwi kuwa ridhaa, ingawa katika mabaraza yetu mengi ndivyo kinavyochukuliwa.

Kura hupigwa kwa sauti, kwa kunyanyua mikono au kwa karatasi za siri. Uchaguzi wa watu hufaa uwe wa siri, kwa sababu aliyeshindwa ataendelea kuwa jirani. Juu ya mambo mengine rai hutofautiana, na tofauti hiyo si ndogo: Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014 lilitumia wiki zake za mwanzo kutunga kanuni zake kabla ya kuifungua Rasimu, na suala la kura ya siri au ya wazi lilikuwa miongoni mwa yaliyoleta mvutano mkubwa. Hatimaye kila mjumbe aliruhusiwa kuchagua mwenyewe.

Maneno "wengi wameafiki" hayatoshi mpaka ijulikane ni wengi wa nani. Katika ushirika ule ule wa watu 60, siku nyengine wamehudhuria 40. Walioafiki ni 18, waliokataa 12, na 10 hawakupiga kura. Ikiwa katiba ya chama inataka wingi wa kura zilizopigwa, hoja imepita, kwa kuwa 18 ni zaidi ya nusu ya 30. Ikiwa inataka wingi wa waliohudhuria, zilihitajika 21 na hoja imeanguka. Ikiwa inataka wingi wa wanachama wote, zilihitajika 31. Katika hesabu mbili za mwisho mtu aliyekaa kimya ameikataa hoja, apende asipende. Katiba nyingi za vyama vidogo hazisemi ni hesabu ipi, na wanachama hugundua upungufu huo siku wanapogawika, yaani siku mbaya kuliko zote za kuutafutia dawa.

Katiba za nchi hazikuliacha jambo hili wazi. Bunge la Jamhuri ya Muungano huamua mambo ya kawaida kwa wingi wa kura za Wabunge waliohudhuria na kupiga kura. Lakini kubadilisha Katiba ya Zanzibar kunataka theluthi mbili ya Wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, wawepo wasiwepo, na tangu marekebisho ya mwaka 2010 baadhi ya vifungu vyake haviguswi bila ya kura ya maoni. Katika Katiba ya Muungano yamo mambo ambayo hayabadiliki mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote wa kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wote wa kutoka Zanzibar, kila upande ukihesabiwa mbali. Makusudio ya hesabu hii ni kwamba upande wenye watu wachache usimezwe na wingi wa upande wa pili.

Kura zikilingana, hoja haikupata wingi na kwa kawaida huanguka. Katiba ikimpa Mwenyekiti kura ya uamuzi, huitumia hapo. Uingereza ina desturi ya zamani kwamba Spika huitumia kubakisha mambo yalivyo, kwa kuwa mabadiliko hayafai kutegemea kura yake peke yake. Tarehe 3 Aprili 2019, katika mjadala wa kujitoa Umoja wa Ulaya, kura zilifungana 310 kwa 310. Spika John Bercow aliikataa hoja kwa kuifuata desturi hiyo. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa mwaka 1993.

Zanzibar yenyewe ina kumbukumbu nzito zaidi. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22. A.S.P. ilipata 10, Z.N.P. 9 na Z.P.P.P. 3. Wajumbe watatu wa Z.P.P.P. waligawika, wawili upande mmoja na mmoja upande wa pili, na pande zote mbili zikawa na viti 11. Hapakuwa na upande ulioweza kuunda Serikali. Liliongezwa jimbo moja ili viti viwe 23, na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, uchaguzi ambao uliandamana na machafuko na vifo. Sababu za machafuko hayo zilikuwa nyingi na za muda mrefu, wala hazikuwa idadi ya viti peke yake. Hata hivyo, ni jambo la kushangaza kwamba hadi leo kamati huundwa kwa idadi ya shufwa, watu sita au wanane, ilhali idadi ya witiri ingelipunguza uwezekano wa kufungana.

BAADA YA KURA

Hoja iliyokataliwa hairudi katika kikao hicho hicho kwa kubadilishwa maneno mawili matatu, la sivyo wenye subira ndogo wataondoka na wenye ukaidi watashinda. Kanuni hii ni ya zamani. Machi 2019 Serikali ya Uingereza, ambayo mkataba wake ulikwishakataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202 mwezi Januari na 391 dhidi ya 242 mwezi huo wa Machi, ilizuiwa na Spika kuuleta tena ukiwa haukubadilika, kwa kutumia desturi inayotokana na mwaka 1604.

Katika vikao vyetu hoja iliyokufa hufufuliwa kwa njia ya utulivu zaidi. Kwanza ni katika kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Kinachothibitishwa hapo ni usahihi wa maandishi. Aliyeshindwa mwezi uliopita hawezi kutaka uamuzi ufutwe kwa kisingizio kwamba kumbukumbu si sahihi. Pili ni katika "Yatokanayo", ambapo huelezwa yaliyotekelezwa na yasiyotekelezwa, wala si mahali pa kuamua upya. Tatu, na hatari zaidi, ni "Mengineyo". Saa ya kuondoka imekaribia, wengi wameshatoka, na mtu huleta suala la kuuza kiwanja cha chama. Jambo lolote linalohusu fedha, mali au kuondolewa kwa kiongozi halifai kuamuliwa chini ya kifungu hicho, kwa kuwa wasiohudhuria hawakuarifiwa. Lipokelewe, liandikwe, na liwekwe katika ajenda ya kikao kijacho, ambayo hupelekwa kwa wajumbe siku za kutosha kabla.

Kuhusu kumbukumbu zenyewe, Katibu halazimiki kuandika kila lililosemwa, wala haifai. Lazima aandike waliohudhuria na wasiohudhuria, kwamba akidi ilitimia, maneno kamili ya hoja, jina la mtoa hoja na la aliyeiunga mkono, marekebisho na matokeo yake, idadi ya kura za kila upande na za wasiopiga, na nani amekabidhiwa utekelezaji. Mjumbe aliyeshindwa akitaka jina lake liandikwe kuwa alipinga, ombi lake lipokelewe. Kumbukumbu zilizothibitishwa hutiwa saini na Mwenyekiti na Katibu katika kila ukurasa, na nakala moja huwekwa katika jalada la ofisi ya chama, si nyumbani kwa Katibu, ili mwanachama yeyote aweze kuzisoma kwa saa za kazi.